Mwiko wa Chumvi

Kigombe, Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanakombo,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: umetoka hapa sasa hivi kwenda kuaga majirani, uji umeuacha nusu bakuli, na khanga uliyojitanda ni yangu. Yangu nawe unaijua. Hayo tuyaruke.

Sitakwambia uvae nini huko Dar es Salaam wala urudi bwenini saa ngapi. Mjomba wako Rajabu atakueleza yote mpaka mlangoni mwa basi, na basi likiondoka atalikimbilia ubavuni amalizie. Mimi nina neno moja tu, nalo nimelikalia miaka saba. Naliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo alizonifundisha baba yangu nami nikakufundisha wewe, na kwa kuwa mjomba wako alikuwa mtoro wa chuo cha Kurani. Akiiokota barua hii ataishia kwenye bismillahi.

Nitaifunga kikapuni pamoja na mkate. Utaikuta Muheza, basi litakaposimama watu wanunue machungwa. Asubuhi hutakuwa umekula, nakujua, ukiwa na safari tumbo lako hufunga. Na utakuwa umenikasirikia. Utakuwa umeninyooshea mkono wa kuagana nami sikukupa wangu. Soma mpaka mwisho, kisha kama bado una hasira, kasirika vizuri.

Nimekatizwa. Bibi yako amegonga ubao wa kitanda mara mbili. Mara moja ni maji, mara mbili ni kugeuzwa, na akigonga mfululizo ujue amekumbuka mtu wa kumlaumu. Nimemgeuza, nimempaka mafuta mgongoni, ameniambia mikono yangu ina baridi. Haya, tuendelee.

Mkoba wa dawa ya damu umeukuta humu ndani, ukadhani nimezaliwa nao. Ulikuwa wa babu yako, baba yangu. Watu wazima waliovuma masikio, walioumwa kisogo kila alfajiri, walioona nyotanyota wakiinuka kwenye sijida, wote walimjia yeye. Siku hizi nyinyi mliosoma mnasema presha. Sisi tulisema damu imepanda. Wengine walikuwa wameshapita kwa waumikaji, wakabandikwa pembe mgongoni ili damu iliyozidi itoke. Wengine wametafuna kitunguu saumu mpaka safu yao msikitini ikabaki na nafasi. Wengine wamekunywa majani ya mlonge, wengine maua ya choya ya kuchemsha. Baba hakumcheka mtu. Alimpa mzizi, kikombe asubuhi na kikombe jioni, siku arobaini, na pamoja na mzizi akampa mwiko: siku hizo zote mgonjwa haonji chumvi, hata ya kulamba kidoleni.

Mimi nilipewa mkoba siku anakata roho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, miezi minane ndani ya ndoa. Mkoba ungekuwa wa mjomba wako, lakini baba alisema mkono wa Rajabu una haraka. Akaniita, akaniwekea kipande cha mzizi kiganjani, akafunika kiganja changu kwa chake, mbele ya Rajabu aliyekuwa shahidi. Akaniuliza kama nimepokea. Wewe ungesema nini? Nikasema nimepokea. Baada ya matanga ndipo Rajabu akanieleza mwiko wa upande wa pili, ule wa mwenye mkoba: asilale nje ya mji wake maadamu kuna mgonjwa aliye dawani. Na lini watu wazima wa pwani hii waliwahi kwisha kuumwa? Toka siku hiyo, mwanangu, sijalala nje ya Kigombe hata usiku mmoja.

Baba yako alipopata kazi gatini, bandari ya Mombasa, alinitaka nimfuate. Nikamwambia subiri huyu amalize siku zake arobaini. Huyo akimaliza, mwingine yuko siku ya kumi. Wewe ulikuwa na miaka minane, ukimwuliza kila mtu Mombasa ni ng'ambo gani. Baba yako aliandika kila mwezi, kisha akaandika kila Idi. Mama yake alikuja hapa kutibiwa, na mwanawe alipokosa kurudi naye akabaki. Ndivyo nilivyoachwa na mume nikabaki na mama mkwe.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penyewe.

Ulikuwa na miaka kumi na moja, na Bibi yako alikuwa dawani, wiki ya tatu. Alikuwa akikuita chumbani umwandikie barua za kwenda kwa baba yako. Siku moja nikiwa jikoni nilimsikia akikwambia uandike kwamba mkewe anamlisha majani kama mbuzi, chakula chapwa, hata chumvi anamnyima. Ukaandika. Huna kosa, ulikuwa mtoto mwenye kalamu. Lakini mimi moyo uliniwaka. Nilijua mume wangu ataisoma barua hiyo mbele ya wenzake kule gatini, na mimi, Mwanakombo, nilikuwa bado nataka arudi. Naona aibu kukuandikia hivyo lakini ndiyo kweli. Nilitaka asikie kwa mama yake kwamba nyumbani kuna mke.

Jioni ile nilipika ng'onda, samaki wa chumvi. Unaijua ile kubwa ya kupasuliwa, imelala kwenye chumvi mpaka imekuwa ngumu kama ubao. Nikaiweka kwenye tui zito, na ndimu, na pilipili mbichi. Nikamwambia Bibi yako nimeiroweka usiku kucha, chumvi yote imetoka, mwiko hauvunjiki. Nilikuwa nimeiroweka kweli. Na nani mwanamke wa Kigombe asiyejua kwamba ng'onda hata uiroweke mwaka, chumvi haitoki? Alikula, akakomba bakuli kwa kidole. Barua iliyofuata ilisema mkewe anapika kuliko dada zake wote. Uliiandika wewe, na mimi nilisimama nyuma ya pazia nikifurahi kama mwari.

Basi ikawa kila siku. Na ili nafsi yangu itulie nilimwongezea kikombe cha tatu cha mzizi, nikaona nimesawazisha. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema kitu juu ya mchelea mama mkwe, ila naona ni ile ile.

Siku ya thelathini na sita alianguka kwenye kizingiti akienda kutawadha. Mdomo ukaenda upande, mkono na mguu wa kulia vikafa. Tulipata lori la mkonge likatupeleka hospitali Tanga. Daktari alimfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akakijaza tena, akatikisa kichwa. Kisha dresa, msaidizi wake, akanigeukia mimi. Chumba kilikuwa kimejaa: mjomba wako, shangazi zako wawili, majirani tuliokuja nao. Aliuliza kwa sauti, kalamu iko tayari: "Mama, huyu mgonjwa anakula chumvi?"

"Hali," nikasema. "Yuko kwenye mwiko."

Akaandika. Maneno manne tu niliyasema, nami nimeishi ndani yake mpaka leo.

Maana ona yalivyozaa. Kama dawa ni ya babu yako, na mwiko umeshikwa, kwa nini basi mgonjwa ameanguka? Tulipokuwa bado njiani kurudi, mjomba wako alikuwa ameshapata jibu: mtu amemtia kitu. Na nani aliyekuwa akimletea Bibi chakula zaidi yangu? Bi Mwanaasha wa nyumba ya tatu, muuza vitumbua, aliyekuwa akimpitishia viwili kila asubuhi, bure, kwa mapenzi tu. Vya sukari, mwanangu, visivyokuwa hata na harufu ya chumvi. Hakuna aliyemshika shati. Watu waliacha tu kununua. Kisha wakaacha kuitikia salamu. Kisha watoto wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Siku alipofunga virago kwenda kwa dada yake Pangani alikuja hapa kuniaga, akasema ananiombea subira na mgonjwa wangu. Nilimwitikia. Nikamsaidia kujitwika kikapu. Wewe ulivililia vile vitumbua siku tatu, nami nikakufokea.

Baba yako alikuja, akakaa siku nne, akanishukuru kwa kumtunza mama yake, akarudi Mombasa akaoa. Hiyo ndiyo faida ya ng'onda yangu.

Bado utasema, mama, ungejuaje kwamba ni chumvi? Huenda ingekuwa ajali ya Mungu. Na mimi nilijiambia hivyo mwaka mzima, mpaka nilipoitwa Chumbageni, Tanga mjini. Kulikuwa na mwenye duka wa Kihindi ambaye mama yake alikuwa na dalili zile zile, kisogo na nyotanyota. Nilikwenda asubuhi nikarudi jioni, nikampa mzizi, nikampa mwiko. Yule kijana alikuwa mtu wa amri. Alikusanya machupa yote ya achari ya mama yake, iliyojaa chumvi, akayafungia kabatini, na ufunguo akauvaa shingoni mpaka anapooga. Siku arobaini zilipokwisha nikaenda kumtazama. Bibi mzima, masikio kimya, anapanda ngazi. Nikawa naanza kuusifu mzizi wa baba yangu. Yule bibi akaangalia kama mwanawe yuko mbali, akanishika mkono akaninong'oneza kwamba nisikasirike, ila mzizi wangu ulikuwa mchungu mno, hakuunywa hata siku moja. Kila asubuhi alikuwa akiumwagia mrehani uani.

Nilikwenda kuutazama ule mrehani. Ulikuwa umestawi kweli.

Nilirudi na basi la jioni nikiwa nimekaa kama mtu aliyepigwa. Aliyeshika mwiko bila mzizi alipona. Aliyekunywa mzizi vikombe vitatu na chumvi juu yake yuko chumbani hawezi kujigeuza. Sasa sikuwa na pa kujificha. Na unadhani nilisema? Sikusema. Ningesema, Bi Mwanaasha angerudi na mimi ndiye ningeondoka, na Bibi yako angebaki na nani, na wewe ungelelewa na nani? Kila sababu ilikuwa nzuri. Miaka sita nimeichimba mizizi, nimewapa watu, nimewakazania mwiko kwa ukali mpaka wakaniita Mama Chumvi, na kila jioni nimeingia chumba kile kumlisha kwa kijiko mwanamke niliyemwangusha mwenyewe. Nyumba ina milango miwili na yote iko wazi, nami siwezi kutoka. Usiku wa Idi nasikia ngoma ya Tongoni, hapo kijiji jirani, naona kama iko Misri.

Sikiliza vizuri: sisemi miti haina kitu. Wewe umerudi kutoka shuleni na tabia ya kukunja pua mtu akitaja mlonge, nami sikukufunza hivyo. Nimeona kitunguu saumu kikimpa mtu usingizi, na huenda mzizi nao una kazi yake, sijui. Ninalojua ni kwamba baba alinipa vitu viwili, mzizi na mwiko, nami nikaushika ule unaoonekana. Mzizi watu wanauona, unauchimba, unauchemsha, unaheshimiwa. Mwiko hauna harufu. Nani atakuletea jogoo kwa kumwambia asile?

Hivyo ndivyo nilivyoishi mpaka wiki hii. Jumapili, baada ya kukuona umefunga sanduku, mjomba wako alinivuta uani. Akasema nyumba isiyo na dawa imezimika, na mimi sitaishi milele, na wewe ukienda bila kupokea hutarudi. Nikamwambia mtoto hatakubali, anakwenda kusomea uuguzi. Akasema hahitaji kukubali. "Mtie mzizi kiganjani mnapoagana. Akishaufumba mkono, amepokea. Utamwambia akija likizo." Atakuwepo yeye kuwa shahidi. Na mimi, kwa mazoea ya miaka ishirini ya kumwitikia, nikasema haya.

Nimesema haya, Mwanakombo. Juu yako.

Usiku ule sikulala kwa hofu. Najua unachofikiri, kwamba wewe huamini hayo, mzizi kiganjani ni mzizi kiganjani tu. Hata mimi mpaka nafika miaka kumi na tisa nilidhani siamini. Lakini siku mtu mzima atakapokuja Dar es Salaam kukwambia mgonjwa wa mama yako anakungoja, wewe ndiye mwenye mkono, utajikuta unafunga sanduku. Si jini litakalokurudisha. Ni haya.

Jumatatu, nikimwosha Bibi yako miguu, nilimwambia. Yote, ng'onda, kuiroweka, vikombe vitatu, dresa. Nilisema nikitazama miguu yake, sikuthubutu uso. Nilipomaliza alikuwa anaangalia makuti. Akagonga mara moja. Nikaleta maji, akanywa, akanirudishia kata. Maneno yake unajua yanavyokuja nusu nusu, mimi na wewe tu ndio tunayaelewa, lakini haya yalikuja safi.

"Nilijua, mwanangu. Mchuzi ulikuwa mtamu."

Wallahi nilicheka. Miaka saba nimebeba jiwe, kumbe tumelibeba wawili, kila mtu akimfichia mwenzake. Tulicheka wote, yeye kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akaacha kucheka akanitazama.

"Na Mwanaasha?"

Hapo nililia, na yeye hakunibembeleza.

Kwa hiyo nimekata shauri. Basi lako likishapinda ile kona ya minazi, nitamwita mjomba wako na shangazi zako niwaambie kama nilivyomwambia Bibi. Sitasema kabla, maana mjomba wako atafanya msiba wewe ukose safari. Kisha nitampelekea Bi Mwanaasha salamu Pangani, nimwombe radhi, na akitaka kuja kunitemea mate ajue nyumba ni ile ile. Baada ya hapo sijui nani atakayebisha hodi hapa, wala sijui kama atabisha mtu. Naogopa. Usidhani mama yako amekuwa jasiri ghafla.

Na dawa yenyewe ni hii. Babu yako alisema ikiandikwa inakufa, nami naiandika kusudi. Mzizi ni wa mkwamba. Ule ule ulioota nyuma ya choo chetu, uliokuwa ukichuma matunda yake meupe utotoni nikakutandika nisiseme kwa nini. Siri ya ukoo wetu ndiyo hiyo. Mwiko unaujua.

Neno langu la pekee kwako ni hili. Siku moja utakuwa wewe mwenye kile kitambaa cha kujaza upepo. Atakuja mzee, na nyuma yake mkaza mwana, au binti, na ukoo mzima umejaa mlangoni. Utauliza kuhusu chumvi na utajibiwa "hali", kwa haraka, na macho yameinama. Usiandike. Watoe watu wote nje, ufunge mlango, ukae chini, kisha umuulize tena taratibu yule anayepika. Mimi ningeulizwa mara ya pili, ningesema. Nimeiwaza mara nyingi, na naamini ningesema.

Bibi anagonga mfululizo. Amekumbuka mtu, na huyo mtu huenda ni mimi, ngoja nimalize.

Kesho alfajiri utanikuta nakanda unga. Mkate wako nimeshauoka, huo unga hakuna anayeuhitaji. Mikono yangu itakuwa imezama mpaka vifundoni, na mjomba wako atasimama nyuma yangu na mzizi ndani ya mfuko wa kanzu, akingoja niifute. Sitaifuta. Utanyoosha mkono wako, uutazame wangu usioinuka, na uso wako utabadilika. Nitauona, nami nitaendelea kukanda. Nisamehe kwa hilo. Miaka kumi na minane nimekushika mkono huo nikikuvusha kila mahali, na siku ya kukuaga ndiyo siku nisiyoweza kuugusa.

Mimi siendi kokote. Mwiko wa mkoba nimeuvunja, lakini Bibi yako hawezi kujigeuza, na hilo halina dawa. Wewe lala unakolala. Radhi zangu umeondoka nazo zote, hazikuhitaji kupita kiganjani.

Sasa tazama mkono wako wa kulia, mwanangu. Ukiwa hauna kitu, nimeweza. Nunua chungwa, ule.

Mama yako,
Mwanahamisi